Mchanga wa Kona ya Kwado: Kumuaga Mama Cyiza

Jana, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Bi Nyirasafari Venerande alitimiza miaka ishirini na minne na miezi minane ya kufagia barabara ya mteremko unaotoka Nyundo kuja mjini Gisenyi, akastaafu. Wengi wetu tunamwita Mama Cyiza, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na humu nitamwita hivyo, maana ukimwita Venerande hata yeye mwenyewe hukawia kugeuka.

Mimi ni Ndahiro, katibu wa Koperative Dukubure, ushirika wetu wa wafagiaji. Kamati ilinipa maelekezo matatu kuhusu wasifu huu. Aya ziwe fupi, maneno yawe ya furaha, na nisitaje vumbi. Hilo la tatu mwenyekiti wetu, Bi Jolly, alilirudia mara mbili akiwa amesimama mlangoni pangu: "Ndahiro, please, ni sherehe. Vumbi uliache." Nimejaribu kwa siku nne. Lakini kuandika habari za mama aliyefagia miaka ishirini na minne bila kutaja vumbi ni kama kuandika habari za mwoka mikate bila kutaja unga. Nimeshindwa, na kamati ikitaka kuninunia itaninunia baada ya chakula.

Jambo jingine. Watu wameniuliza kwa nini wasifu huu umeandikwa kwa Kiswahili wakati nyumbani sote tunasema Kinyarwanda. Jibu ni kwamba Mama Cyiza ndiye aliyetaka, kwa sababu dada zake wanavuka leo kutoka Goma na anataka wasome wenyewe. Nami nilikulia Karagwe, Tanzania, kwa hiyo kazi ikaniangukia. Yeye hukiita Kiswahili changu "ile ya redio". Mimi chake sikiiti kitu, nina heshima zangu.

Mama Cyiza alizaliwa Masisi, Kongo, akaja Rwanda mwaka 1996 akiwa na watoto wawili na sufuria moja. Alianza kufagia Machi 2001, kabla koperative haijapata hata jina. Wakati huo wafagiaji walikuwa tisa, na kila mmoja alijitengenezea ufagio wake. Leo tuko sitini na wanne, tuna vizibao vya kung'aa, tuna toroli kumi na moja, na tuna stoo yenye kufuli, ambayo ufunguo wake hupotea kila wiki.

Kila mfagiaji aliyeingia baada yake alifundishwa naye jambo moja kabla ya yote: upande ambao malori yanashuka, fagia ukipanda. Ukifagia ukishuka, lori linakuja mgongoni. Ukipanda unaliona usoni, unamwona na dereva, na yeye anakuona. Si mwongozo wa mtu yeyote mwenye ofisi. Ni wa kwake, na kwa miaka yote hiyo hakuna mfagiaji wetu aliyegongwa kwenye mteremko ule. Wageni waliokuja kutufundisha usalama barabarani waliuandika kwenye madaftari yao, wakaturudishia baada ya miezi miwili ukiwa na nembo yao juu.

Alikuwa pia wa kwanza kukataza akina mama kufagia wakiwa na watoto mgongoni. Alichukiwa kwa hilo. Mama mwenye mtoto wa miezi mitano na asiye na mtu wa kumwachia hapendi kuambiwa habari ya mapafu. Lakini ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba mpaka tukajenga irerero letu, nyumba ya kulelea watoto wadogo, ili akina mama wafagie wakiwa na mgongo mwepesi. Tuliijenga mwaka 2019 kwa mikono yetu, pembeni mwa barabara, pale Kona ya Kwado, ili mama aweze kukimbia kunyonyesha na kurudi kazini. Tulijisifu sana kwa kuchagua mahali hapo.

Kona ya Kwado inaitwa hivyo kwa sababu ya Faradji, ambaye ana kwado yake pale, kibanda cha kuziba matairi. Ndipo malori yanapokanyaga breki kwa nguvu zote kabla ya kuingia mjini. Pembeni mwa lami pana vumbi jeusi zuri, laini, linalojikusanya kila siku kama mtu analimwaga. Na hapa ndipo ninapofika kwenye kosa ambalo nadhani lingeweza kufanywa na watu wa Gisenyi peke yao.

Sisi tumekaa chini ya volkano. Udongo wetu mweusi, mawe yetu meusi, ukuta wa jirani mweusi. Kwa hiyo kila kitu cheusi ni cha mlima. Nguo zilizoanikwa zikiingia weusi, ni mlima. Kitambaa cha pua kikitoka cheusi, ni mlima. Mimi mwenyewe katika ripoti za kila mwezi niliandika "vumbi la volkano" kwa miaka kumi na mmoja mfululizo, na hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza mlima unajuaje kumwaga vumbi lake lote kwenye kona moja ya barabara.

Ua wa irerero ulikuwa tope tupu wakati wa mvua. Watoto walirudi nyumbani wakiwa wamekauka udongo mpaka masikioni. Nikapata wazo, na nililipenda sana wazo langu: kwa nini tunapeleka takataka za kona ile mbali, wakati ni mchanga mweusi wa volkano, mkavu, usioshika maji? Tuumwage uani. Niliandika barua, nikaitia sahihi, nikapiga muhuri. Zilikwenda toroli arobaini. Ya kwanza ilisukumwa na Mama Cyiza. Akina mama walipiga vigelegele, na mjukuu wake, Umuhoza, aliyekuwa na miaka miwili, akakaa katikati ya lundo akaanza kupika ugali wa mchanga na kuuonja.

Aliyeanza kuharibu furaha ni Faradji, na wala hakukusudia. Siku moja alikuwa anamwonyesha Mama Cyiza tairi mbili za lori moja, mpya na iliyokwisha. Mpya ilikuwa na meno marefu kama kidole. Iliyokwisha ilikuwa kipara. Mama Cyiza akauliza swali ambalo mimi, mwenye diploma, sijawahi kuliuliza maishani: "Mapine inakujaka na meno, inarudiaka bila meno. Ile meno inaendaka wapi?" Faradji alicheka, kisha akaacha kucheka. Wote wawili wakatazama ukingo wa lami.

Kuanzia siku hiyo hatukupumzika. Mama Cyiza alichota mchanga wa kweli wa mlima kutoka kwa shemeji yake huko Bugeshi, akauweka kwenye mkebe mmoja. Akachota ule wa uani, akauweka kwenye mkebe wa pili. Akautia kila mmoja majini. Wa Bugeshi ulizama mara moja na maji yakabaki masafi. Wa kwetu ulikawia, ukaacha utando mweusi juu, na ukiusugua kwenye kiganja chenye maji ulijiviringa kama vile vipande vya raba mwanafunzi akishafuta daftari. Alinifanya niusugue mwenyewe. Mkono wangu ulikaa mweusi siku mbili, na nikasema bado kwamba huenda ni aina nyingine ya volkano. Nayaandika haya ili mjue mlikuwa na katibu wa namna gani.

Mkutano mkuu wa mwaka 2022 ndio uliompa jina analojulikana nalo mpaka leo na ambalo Bi Jolly amenikataza kulichapisha. Tulikuwa kwenye ajenda ya sita, vizibao. Mama Cyiza aliingia na mbabula yenye makaa ya moto, akaiweka mezani, juu ya kitambaa cha meza. Akatupia kiganja cha mchanga wa Bugeshi. Haukutokea moshi wala harufu. Akatupia kiganja cha mchanga wa uani. Ndugu zangu, mliokuwepo mnakumbuka. Ukumbi mzima ulinuka tairi linaloungua. Watu walikohoa, madirisha yakafunguliwa, na mapazia yale yalinuka mpaka Pasaka. Yeye alisimama tu pale akasema, "Basi muniambie, njo mulima gani ile inanuka pine?"

Ungetegemea kwamba kesho yake tungeingia na majembe. Tuliunda kamati ndogo.

Kamati ndogo ilikuwa na watu watatu na isingeweza kukaa bila watu watatu. Mmoja alihamia Cyanzarwe. Wa pili alijifungua. Wa tatu nilikuwa mimi, na nilikuwa na shughuli nyingi. Mambo yalipochangamka kidogo, wakati wa mvua tuliambiwa tungoje jua, kwa kuwa ua utageuka tope. Jua lilipokuja tuliambiwa tungoje mvua, kwa kuwa vumbi litaruka. Mwaka mzima una misimu minne huku kwetu, na yote minne ilikuwa na kasoro.

Mwaka 2023 alikuja Umuhire, binti wa chuo kikuu, mpole, mwenye miwani mikubwa. Alibandika vibao vidogo vyenye gundi ya kunasa vumbi pale kona kwa urefu wa aina tatu: usawa wa pua ya mtu mzima, usawa wa pua ya mtoto wa miaka mitatu, na karibu kabisa na ardhi. Akaweka vingine kama hivyo kwenye nyumba moja juu kilimani, mita mia kutoka barabarani. Mama Cyiza alivilinda vibao vile kuliko alivyowahi kulinda kitu chochote cha koperative. Mbuzi wa jirani alilamba kimoja, na mwenye mbuzi hatalisahau tusi alilotukanwa.

Majibu yalikuja mwaka jana, barua ya kurasa nne. Nitasema kwa ufupi, kwa kuwa ndicho nilichoagizwa. Weusi ule wa kona, kwa sehemu kubwa, ni mpira wa matairi uliosagika ukachanganyika na lami na vumbi la mawe. Kila lori linapokamata breki, tairi linaacha kidogo chake barabarani na barabara inaacha kidogo chake kwenye tairi. Vipande vikubwa vinaanguka pale pale ukingoni. Vidogo vinaelea, na vinavutwa na yeyote aliye karibu. Kwenye usawa wa pua ya mtoto vilikuwa vingi kuliko kwenye usawa wa pua yangu. Kule kilimani vilikuwa vimepungua sana. Kuhusu madhara Umuhire alikuwa mwangalifu. Aliandika kwamba wataalamu bado wanachunguza, na kwamba hawezi kusema mtoto fulani ataugua ugonjwa fulani. Kisha akaongeza sentensi moja kwa mkono, pembeni: hakuna sababu ya kungoja uchunguzi uishe ndipo mtoto atolewe humo.

Barua ile niliiweka kwenye faili la "Nyinginezo". Nilikuwa nimesoma maneno "bado wanachunguza" nikaona tumepewa muda. Mdharau mwiba, mguu huota tende, na mimi nilikuwa naudharau mwiba ulio kwenye mguu wa watoto wa watu wengine, ambako hauniumi.

Basi Mama Cyiza akabuni utaratibu wake wa mwisho, na huu ndio ulionichosha kuliko mbabula. Kila Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, akitoka kuchukua vifaa stoo, alisimama mlangoni pangu, ufagio begani, akasema maneno yale yale: "Secrétaire, ule muchanga iko bado pale." Kisha akaenda zake kazini. Hakuwahi kupandisha sauti wala kuingia ndani. Nilijaribu kufika ofisini saa mbili. Akangoja mpaka saa mbili. Nilijaribu kumwambia kwa upole kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Akanitazama kwa huruma, akanijibu, "Ile haiko maji, Secrétaire. Ile iko muchanga."

Siku nyingine, nakiri, nilimkasirikia waziwazi. Nilimwambia Umuhoza amekwishatoka irerero, yuko darasa la pili, ana afya, anaruka kamba, sasa wewe unagombania nini? Hakukasirika. Akasema, "Wangu alishatoka. Mi njo nilisukuma toroli ya kwanza. Na wako ataanza janvier, ama?" Ni kweli. Mjukuu wangu, Kenny, mwenye miaka miwili na nusu, anayeweka kila kitu kinywani, anaanza pale Januari. Nilikuwa nimejaza fomu yake mwenyewe wiki ile ile, nikaipiga muhuri ule ule.

Sitaki mdhani kwamba alikuwa mtu wa mchanga tu. Ndiye aliyetufundisha kunyunyiza maji kabla ya kufagia, na leo sote tunafanya hivyo, hata kama kila asubuhi tunagombania ndoo. Hakuchelewa kazini hata siku moja isipokuwa siku tatu za Mei 2021, mlima ulipofumuka kweli na nusu ya mji ikawa njiani na magodoro kichwani. Hata hapo alirudi wa kwanza, akafagia majivu, na akayaweka kando kwenye gunia lake ili, kwa maneno yake, tuone mulima ikitupa vumbi yake inafananaka je. Gunia lile liko stoo mpaka leo. Majivu yake ni ya kijivu, wala hayafanani hata kidogo na mchanga wa ua. Niliyaona kwa macho yangu, na ripoti yangu ya Juni bado iliandika volkano.

Sasa nifike kwenye leo. Mwezi Septemba kamati ilikaa kupanga sherehe hii. Ukumbi ulitafutwa, mzuri, karibu na ziwa, wenye viti vya vitambaa vyeupe. Zawadi ilikuwa sanduku kubwa la safari na vitenge sita. Bi Jolly alikwenda mwenyewe kumuuliza mama kama angependa rangi gani. Alirudi amekunja uso. Mama Cyiza hataki sanduku, kwa kuwa hana safari. Vitenge anavyo. Anataka Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi wote, na anataka wote watakaokuja kumuaga waje na jembe, beleshi na buti za mvua, wamwondolee ule mchanga. Hotuba zitafuata. Asiyekuja na kifaa asimpigie makofi.

Bi Jolly aliuliza, naye ana haki ya kuuliza, tutawezaje kuwaalika wageni wenye heshima zao waje na buti. Swali tukalipeleka kwenye kamati ndogo. Nikiri kwamba kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu kamati ndogo ilitimia, maana mama aliyejifungua alikuja na mtoto wake, yule wa Cyanzarwe alipanda pikipiki, nami nilikuwa sina shughuli yoyote. Tulipitisha kwa dakika sita. Yote yaliyohitajika yalikuwa dakika sita.

Kwa hiyo karatasi hii mliyopewa mlangoni haianzi na wimbo wala maombi ya ufunguzi. Inaanza na kazi, kwa utaratibu alioutoa mwenyewe na ambao naomba usibadilishwe na mtu yeyote, hata mimi. Watoto hawapo leo, na wasiletwe. Kila mtu afunge kinywa na pua kwa barakoa. Maji yanyunyizwe kwanza, ua mzima, taratibu. Mchanga uchotwe kwa beleshi, usifagiwe. Uingie kwenye magunia, magunia yafungwe, yapelekwe kimoteri, kule takataka za mji zinakokwenda, na yasiachwe kwenye shamba la mtu anayedhani ni mbolea. Faradji ameahidi gari la udongo mwekundu na majani ya kupanda. Lango la barabarani litafungwa leo, na jipya litafunguliwa upande wa juu. Pale penye lango la zamani patapandwa ua wa miti. Malori hatutayazuia, tunajua. Yatashuka kesho na yataacha meno yao barabarani kama jana. Lakini hatutayachota tena kwa toroli na kuwapelekea watoto.

Mama Cyiza, koperative inakushukuru kwa miaka ishirini na minne, kwa mteremko wote, kwa kila mfagiaji aliyefika nyumbani mzima kwa sababu ulimfundisha kupanda akiliona lori usoni. Inakushukuru kwa irerero. Kwa mapazia, bado tunajadiliana. Mimi binafsi nakuomba radhi, na naiandika hapa ili ichapishwe nakala mia mbili na nisiweze kuiweka kwenye faili la Nyinginezo. Wewe ulisukuma toroli ya kwanza kwa sababu barua ilikuambia usukume. Barua ilikuwa yangu.

Pumzika sasa. Bustani yako ya Nyundo iko mbali na lami, tumepima. Uishi hapo kwa afya na amani, na wajukuu wakutembelee wakiwa na magoti masafi.

Na wewe msomaji, ikunje karatasi hii uitie mfukoni, uchukue beleshi. Jumatatu, saa moja na nusu, hakuna mtu atakayesimama mlangoni pangu kuniambia mchanga uko bado pale. Nataka iwe hivyo kwa sababu mchanga haupo, isiwe kwa sababu tu Mama Cyiza hayupo.